Samaki wa Pwani ya Kusini na Maji Yenye Uchafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazoishi kwa samaki kuanzia Kilwa Kivinje hadi Msimbati na kando ya mto Ruvuma, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na walimu ambao huulizwa maswali haya mwaloni, kliniki na barazani. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina pande nyingi. Mengine yanatosha kwa sentensi mbili.

Je, maji yakiwa na uchafu tuache kabisa kula samaki?

Hapana. Samaki humpa mlaji protini, madini joto na mafuta ya omega-3 ambayo hujenga ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni, na kaya inayoacha samaki kwa hofu mara nyingi hubaki na ugali na mboga za majani peke yake, jambo ambalo madhara yake kwa mtoto ni ya uhakika kuliko yale yaliyokuwa yakiogopwa. Isitoshe, sehemu kubwa ya bahari yetu iko wazi. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huifikia Afrika karibu na usawa wa Mtwara na kugawanyika hapo, tawi moja likipanda kaskazini kuelekea Kilwa na Mafia na jingine likishuka upande wa Msumbiji, hivyo maji ya nje ya mwamba hubadilika daima. Kinachotakiwa ni kuchagua: samaki wa aina gani, mkubwa kiasi gani, kutoka maji yapi, na ameandaliwa namna gani.

Basi ni maji yapi tuyatilie shaka?

Yale yasiyotembea na yale yanayopokea vitu kutoka nchi kavu. Hori na ghuba zenye mlango mwembamba, midomo ya mito kama Lukuledi na Ruvuma, mifereji inayotoa maji ya mvua mjini, maeneo ya kutengenezea na kujazia mafuta boti, kandokando ya gati, na fukwe zilizo karibu na makazi yasiyo na vyoo vya kutosha, zote zinahitaji tahadhari kuliko maji ya nje. Hilo halina maana kwamba kila samaki wa hori ni mbaya. Lina maana kwamba hapo ndipo pa kuuliza maswali kwanza.

Majira nayo yana uzito. Siku za maji mafu, maji ya hori hayaingii wala kutoka kwa nguvu, kwa hiyo uchafu uliomwagwa hukaa palepale. Wakati wa bamvua husafishwa zaidi. Mvua za kwanza, ambazo kwetu huanza kati ya Novemba na Desemba, huteremsha kwa mara moja kila kilichorundikana ardhini tangu kiangazi kianze: kinyesi, mafuta ya gereji, mabaki ya viuatilifu vya mashambani, betri zilizotupwa. Mvua kubwa ya kwanza inapopiga, ni busara kusubiri siku kadhaa kabla ya kuokota chaza na kome karibu na mdomo wa mto, hata kama maji yamekupwa vizuri.

Nikimpika samaki hadi akaiva kabisa, si sumu itakuwa imekwisha?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na jibu lake ni kwamba inategemea ni kitu gani kilichomo. Moto huua vitu vilivyo hai. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, mayai ya minyoo, virusi vinavyosambazwa na maji ya choo, vyote hufa samaki anapoiva hadi ndani kwenye mfupa na nyama ikaachana na mwiba kwa urahisi. Kwa uchafu wa aina hiyo, chungu kinachochemka ni kinga nzuri sana.

Lakini moto hauna uwezo juu ya metali. Zebaki, risasi na kadimiamu haziungui, hazichemki zikatoka kwa mvuke wa jikoni, wala hazihamii kwenye mchuzi ukaumwaga zikaisha. Zebaki iliyomo ndani ya samaki imeshikamana na nyama yenyewe, kwa hiyo kumchuna ngozi, kumtoa mafuta au kumloweka usiku kucha hakusaidii. Kundi la tatu ni kemikali zinazokaa kwenye mafuta ya samaki, kama vile dawa ya wadudu ya DDT na zile zinazoitwa PCB, ambazo zamani zilitiwa kwenye mafuta ya transfoma. Hizo haziharibiwi na moto wa jiko, lakini unaweza kuzipunguza, kwa sababu ukiondoa ngozi, mafuta ya tumboni na matumbo, kisha ukambanika samaki juu ya makaa ili mafuta yadondoke, sehemu fulani ya kemikali hiyo huondoka pamoja na mafuta. Mafuta yaliyodondoka yasitumiwe tena kukaangia wala kutengenezea rosti.

Kundi la nne ni sumu za asili, yaani sumu ya bunju, ya kasa, na ile inayozalika ndani ya jodari aliyekaa juani. Hizi pia zinashinda moto. Watu wengi waliopata madhara yake walikuwa wamekula chakula kilichoiva vizuri.

Vipi kuhusu ndimu, chumvi, siki au ukwaju?

Vinaleta ladha na kupunguza shombo. Haviondoi metali wala kemikali, na ndimu peke yake haitoshi kuua bakteria ndani ya nyama ya samaki mbichi.

Zebaki inawezaje kuwa kwenye samaki wa baharini wakati huku kwetu hakuna kiwanda cha zebaki?

Zebaki husafiri. Inapochomwa kwenye machimbo madogo ya dhahabu ili dhahabu ibaki, au inapotoka na moshi wa makaa ya mawe popote duniani, hupanda hewani na kushuka mbali na ilikotoka. Nyingine hutoka kwenye volkano. Ikifika kwenye matope ya mto, mikoko au bahari, bakteria wa majini huigeuza kuwa zebaki ya aina ya methili, ambayo huingia kwenye vijimea, vijimea huliwa na dagaa, dagaa huliwa na kibua, kibua huliwa na nguru, na nguru huliwa na papa. Kila ngazi inakusanya ya ngazi iliyo chini yake, kwa hiyo papa mzee anaweza kuwa na zebaki nyingi hata kama maji aliyoogelea ni safi kwa macho na kwa vipimo vya kawaida vya maji.

Palipo na uoshaji wa dhahabu kwa zebaki kwenye mkondo wa juu wa mto, hatari huongezeka kwa samaki wa mto huo, hasa kambale wakubwa ambao hula samaki wengine na kukaa kwenye tope. Wanakijiji wa eneo la namna hiyo wachague perege wadogo kuliko kambale wakubwa.

Ni samaki gani wenye zebaki nyingi, na ni wepi tunaweza kula bila wasiwasi?

Kanuni ni rahisi kukumbuka hata bila orodha: samaki mkubwa, anayeishi miaka mingi na anayekula samaki wenzake ana zebaki zaidi. Papa wa aina zote wakubwa, nduaro na samaki wa jamii yake, jodari wakubwa, nguru wakubwa na chewa wakubwa wamo katika kundi hili. Kwa wale wanaopenda kuhesabu kwa chombo cha uvuvi, sehemu kubwa ya kinachonaswa na jarife kwa ajili ya kukatwa vipande ni cha kundi hili, na sehemu kubwa ya kinachoingia kwenye dema kiko kwenye kundi salama.

Kundi salama ni pana: dagaa, saladini, vibua, tasi na pono ambao hula majani ya baharini na mwani, changu wadogo, na ngisi. Hawa ndio kitoweo cha kila siku cha familia nyingi, na kwa bahati nzuri ndio wa bei ndogo.

Tofauti kati ya makundi haya si ndogo. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) imeweka kiwango cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mama mwenye kilo 60 anaweza basi kupokea mikrogramu 96 kwa wiki. Akila papa mwenye miligramu 1 (yaani mikrogramu 1,000) ya zebaki kwa kila kilo, kiwango ambacho papa mkubwa anaweza kukifikia na hata kukizidi, gramu 96 tu zinammalizia wiki nzima, nacho ni kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja. Akila samaki mdogo mwenye miligramu 0.05 kwa kilo, ingemlazimu ale karibu kilo mbili kabla ya kufika palepale. Mtoto wa kilo 15 ana robo tu ya nafasi ya mama huyo, kwa hiyo kipande anachopewa mtoto kutoka kwenye sahani ya baba si kidogo kama kinavyoonekana.

Je, mjamzito ale samaki au asile? Bibi anasema asile, kliniki wanasema ale.

Ale, mara mbili au tatu kwa wiki, kutoka kundi la samaki wadogo. Aache papa, nduaro na jodari wakubwa mpaka amalize kunyonyesha, na nguru mkubwa ni vema amwache pia. Katika hili tunamheshimu bibi bila kumfuata moja kwa moja: miiko ya kumnyima mjamzito aina fulani ya samaki ipo katika familia nyingi, na mingine huenda ilitokana na mambo waliyoyaona, lakini kumnyima samaki wote kunamnyima mtoto chakula cha ubongo.

Sababu ya kumtenga mjamzito na samaki wakubwa ilijulikana kwa gharama kubwa huko Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba, na ugonjwa ulioletwa na hali hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, miongoni mwa familia za wavuvi waliokuwa wakila samaki na chaza wa ghuba hiyo kila siku. Kina mama kadhaa ambao wao wenyewe walikuwa na dalili ndogo au hawakuwa nazo kabisa walijifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo na viungo, kwa sababu zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma na kujikusanya kwa mtoto. Maji yetu hayajafika huko wala hayakaribii, lakini kisa hicho ndicho kinachoeleza kwa nini swali la kwanza kliniki linapaswa kuwa "unakula samaki gani" kabla ya "unakula samaki mara ngapi".

Anayepanga kushika mimba naye anahusika, kwa kuwa mwili huchukua siku 50 hadi 70 hivi kupunguza nusu ya zebaki ya methili uliyonayo. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Abadilishe samaki, asiache ziwa.

Tunakula ng'onda wa papa zaidi kuliko papa mbichi. Je, chumvi na jua havipunguzi?

Havipunguzi. Jua linaondoa maji peke yake, metali inabaki. Kilo tatu au nne za samaki mbichi zikikauka hubaki kilo moja hivi, na zebaki yote iliyokuwa kwenye zile kilo nne sasa imo ndani ya moja. Kwa hiyo, kwa uzito uleule, ng'onda wa papa ana zebaki zaidi kuliko papa mbichi. Kinachookoa hali ni kwamba ng'onda huliwa kidogo, akiungwa kwa nazi na kugawiwa watu wengi. Familia iendelee kuutumia kama kiungo cha mara mojamoja, na mjamzito achote mchuzi na mboga nyingine.

Kwa samaki wa kukaushwa kwa moshi kuna jambo jingine: moshi mzito wa kuni mbichi, na hasa wa plastiki, matairi au mbao zilizopakwa rangi, huacha kemikali zinazohusishwa na saratani juu ya ngozi ya samaki. Tumia kuni kavu, mwinue samaki mbali na ndimi za moto, na ukiona ngozi imekuwa nyeusi kama masizi, ichune kabla ya kupika.

Chaza, kome, kaa na pweza nao wako salama?

Chaza na kome hawatembei kutafuta chakula. Hupitisha maji mengi mwilini mwao mchana na usiku na kubakiza kilichomo, kiwe chakula, bakteria wa choo au metali. Ndiyo maana mahali walipookotwa pana uzito kuliko namna walivyopikwa. Wasiokotwe karibu na mifereji ya mji, vyoo, gati au mahali boti zinapakwa rangi na kutengenezwa. Wapikwe mpaka wafunguke wenyewe na waendelee kuchemka dakika kadhaa baada ya hapo, asiyefunguka atupwe. Maji ya bahari yakigeuka rangi kuwa mekundu, ya kahawia au ya kijani kizito bila mvua kunyesha, acheni kabisa kuokota chaza na kome mpaka hali iishe, kwa sababu kuna vijimea vinavyotengeneza sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Kwa kaa na pweza, nyama ya miguu na mikono ni nzuri. Kadimiamu hujikusanya zaidi kwenye ini la pweza na kwenye ule uji wa kahawia ulio ndani ya gamba la kaa, ambao wengine huuona ndio utamu wenyewe. Mtu mzima mwenye afya akiuonja mara mojamoja haitakuwa balaa, lakini watoto na wajawazito wasipewe.

Samaki wa kawaida nimwandae vipi?

Mpae magamba, mtoe mashavu na matumbo yote pamoja na ini, msafishe kwa maji safi na si kwa maji ya ufukweni palipooshewa boti, kisha umwondoe utando mweusi ulio tumboni. Dagaa huliwa mzima pamoja na utumbo wake, na kwa dagaa wa maji ya nje hilo halina tatizo. Kwa dagaa waliovuliwa ndani ya hori lenye uchafu, kuwatoa kichwa na utumbo ni kazi ya kuchosha lakini ina faida.

Wakati wa mapulizo ya mikorosho, samaki wa mito na mabwawa wanalika?

Wakulima wa Mtwara na Lindi hupuliza mikorosho kuanzia takriban Juni hadi Septemba, kwa salfa dhidi ya ubwiriunga na kwa viuatilifu vingine dhidi ya wadudu. Salfa yenyewe haina sumu kali kwa mlaji. Tatizo ni viuatilifu vya wadudu, na hatari kubwa haitoki kwenye ukungu wa dawa unaopeperuka, inatoka kwa mtu anayesafishia bomba lake mtoni, anayemwaga dawa iliyobaki kwenye bwawa, au anayegeuza chupa tupu ya dawa kuwa kibuyu cha maji. Baada ya tukio kama hilo, samaki wa eneo hilo wasiliwe, hasa ikiwa wameonekana wakielea, wakizungukazunguka juu ya maji au wakirukaruka hadi ukingoni.

Hapo pia tuseme wazi kuhusu uvuvi wa sumu. Kutumia utupa kwenye vidimbwi vya mto wakati wa kiangazi ni jambo la zamani, na siku hizi wapo wanaotumia dawa za shambani badala yake kwa kuwa zinaua haraka. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 imekataza uvuvi wa sumu na wa baruti. Mlaji naye ajue kwamba dawa za shambani huua samaki kwa kuharibu mishipa ya fahamu na zinaweza kumfanya binadamu vivyo hivyo: jasho jingi, udenda, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli kutetemeka, kupumua kwa shida.

Na samaki wa baruti?

Mkato wake unamtambulisha: uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani ya nyama, tumbo limepasuka na nyama ni laini kabla ya wakati wake. Kwa mlaji, tatizo lake kubwa ni kuoza haraka. Kwa bahari, ni kubomolewa kwa matumbawe, na anayemnunua ndiye anayelipia baruti ya kesho.

Samaki wangu ananuka dizeli. Nimwoshe kwa sabuni?

Usimwoshe kwa sabuni, na usimle. Mafuta ya mashine huingia ndani ya nyama, hayakai juu ya ngozi tu. Mtupe mbali na kuku na paka, kisha utoe taarifa ya mahali alipovuliwa.

Jodari alikuwa na sura nzuri, tukamla, dakika chache baadaye tukawashwa mwili mzima. Je, bahari ilikuwa na sumu?

Inaelekea bahari haikuhusika. Jodari, vibua, nguru na samaki wengine wenye nyama nyekundu wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza kitu kinachoitwa histamini ndani ya nyama. Mlaji hupata joto usoni, wekundu, kuwashwa, kuumwa kichwa, mapigo ya moyo kwenda mbio na wakati mwingine kuharisha, na wengine husikia ladha ya ukali kama pilipili mdomoni. Kumkaanga hakuiondoi, na kumrudisha kwenye barafu baada ya kuharibika hakuirudishi nyuma. Dawa yake ni barafu tangu samaki anapotolewa majini, ya kutosha kumfunika juu na chini, ili joto lake lisizidi nyuzi 4. Tumeona mara nyingi samaki amepangwa vizuri mezani huku barafu iko chini yake tu, ikiyeyuka, na jua la saa saba likimpiga mgongoni.

Bunju na kasa?

Bunju asiliwe kamwe, wala nyama yake, wala mayai, wala ini. Sumu yake hupooza misuli ya kupumulia na haina dawa ya kuiondoa. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu iishe mwilini. Dalili ya kwanza ni ganzi ya midomo na ulimi. Asitupwe ufukweni penye watoto, kwa sababu wakiona samaki aliyetupwa humwokota.

Kasa analindwa na sheria, na kumla kumewahi kuua watu wengi kwa mlo mmoja. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao wakiwa watoto. Nyama ya kasa huliwa na wengi bila madhara, kisha siku moja huua, na hakuna alama ya kumtofautisha mwenye sumu. Mama aliyemla anaweza kumpitishia mtoto sumu hiyo kwa maziwa.

Tunasikia samaki wanatiwa dawa ya maiti ili wasioze. Ni kweli?

Uvumi huu huvuma kila samaki wanapokuwa wengi kutoka mbali. Formalini, ambayo ndiyo dawa hiyo ya maiti, ikitumiwa huufanya mwili wa samaki kuwa mgumu kama mpira, macho kufifia ilhali nyama haijalegea, na harufu yake huchoma pua. Ukimkuta samaki wa namna hiyo, mpeleke kwa afisa afya. Kwa maoni yetu, hofu hii imefunika jambo jingine linalostahili kuulizwa zaidi: wapo wanaopulizia dawa ya mbu au ya nzi juu ya dagaa na ng'onda walioanikwa. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa chakula, na mlaji haoni chochote. Chandarua safi kisichotiwa dawa, kikifunikwa juu ya kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini, kinazuia nzi bila sumu, na mnunuzi ana haki ya kuuliza dagaa walianikwa wapi.

Paka akila na asife, si ni ushahidi kwamba samaki ni salama?

Ni ushahidi kwamba paka hajafa leo. Zebaki na risasi hujenga madhara polepole, kwa miezi na miaka. Vilevile nzi kutua au kutotua hakuthibitishi lolote kuhusu metali.

Mtu akidhurika tufanye nini?

Mpelekeni kituo cha afya mara moja ikiwa ana ganzi ya midomo, anapumua kwa shida, anaona vitu viwiliviwili, anatetemeka au ameishiwa nguvu ya mikono na miguu. Wenye hali mbaya hupelekwa hospitali za rufaa za mikoa, Ligula mjini Mtwara na Sokoine mjini Lindi. Msimlazimishe kutapika ikiwa analegea au amepoteza fahamu, kwa sababu matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa na maji ya nazi si dawa ya sumu na visiwacheleweshe njiani. Chukueni kipande cha samaki kilichobaki, hata mifupa na kichwa, kifungeni kwenye mfuko safi na kiende pamoja na mgonjwa, na mwambieni daktari samaki aliliwa saa ngapi na wangapi walikula.

Tukiona samaki wengi wamekufa au maji yamemwagiwa kitu, tumwambie nani?

Anzeni kwa kikundi cha BMU na ofisa mtendaji wa kijiji au mtaa, ambao watamfikisha afisa uvuvi na afisa afya wa halmashauri. Uchafuzi wa mazingira hushughulikiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na usalama wa chakula sokoni uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019. Vipimo vya kemikali hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Taarifa inayosaidia ina mambo manne: mahali hasa, saa, hali ya maji kama yalikuwa yamejaa au yamekupwa, na aina za samaki waliokufa. Picha ya simu yenye kitu cha kulinganishia ukubwa ni bora kuliko maelezo marefu. Samaki wa ushahidi awekwe kwenye barafu, akiwa mzima, bila kutolewa utumbo.

Sisi wahudumu wa jamii tunayasemaje haya bila kuua soko la kina mama wanaouza samaki?

Kwanza, wasikie wao kabla ya wanunuzi. Mchuuzi anayepata habari pale soko la samaki la Feri kutoka kwa mteja anayekimbia huona ametendewa uadui. Akishirikishwa mapema, yeye ndiye atakayemwambia mjamzito achukue tasi badala ya papa, na atauza palepale. Pili, kila onyo liwe na mbadala ndani ya sentensi ileile. "Usile papa" likisemwa peke yake litasikika kama "samaki ni sumu" kabla ya swala ya alasiri. Semeni "chukua saladini, papa mwachie mwingine mpaka umalize kunyonyesha".

Tatu, msitaje hori au kijiji kwa jina kuwa kina sumu kabla ya vipimo kutoka, kwa kuwa jina la kijiji likichafuka sokoni halisafishwi na cheti cha maabara. Kabla ya hapo, zungumzieni aina ya samaki na aina ya mahali. Mkienda na samaki halisi, mkawapanga juu ya mkeka, wadogo upande huu na wakubwa upande ule, akina mama wenyewe wataanza kubishana chewa wa kilo mbili akae wapi, na ubishi huo hufundisha kuliko bango. Jibu la ubishi wenyewe ni kwamba chewa wa kilo mbili yuko katikati: kwa mtu mzima hana neno mara moja kwa wiki, kwa mjamzito kuna tasi.